Anazitaja sura zote za chati, lakini hamuoni mwenzake anayelia: mwongozo kamili wa kumfundisha mtoto kutambua hisia za watu

Kila muhula nasikia lalamiko lile lile mlangoni mwa darasa. "Ticha, tumembandikia chati ya sura ukutani, zote anazitaja. Lakini mdogo wake akilia, yeye anacheka. Huyu mtoto ana roho gani?"

Hana roho mbaya. Alifundishwa kutaja picha, na picha anazijua.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nilichora sura sita kwenye karatasi ya manila, nikazipaka rangi, nikazibandika kwa selotepu juu ya ubao. Baada ya wiki mbili darasa zima linaghani: furaha, huzuni, hasira, woga, mshangao, kinyaa. Nikajiona fundi. Kisha siku moja, saa ya uji, kikombe cha binti mmoja kikapinduka. Uji ukatambaa mezani, ukamwagikia sketi. Kidevu kikaanza kumtetemeka, midomo ikajikunja, macho yakajaa. Kijana aliyekaa mbele yake, miaka minne na nusu, bingwa wa chati, akamkodolea macho, akacheka, akatangaza: "Ameshangaa!" Kisha akarudi kwenye uji wake.

Chati niliishusha siku hiyo hiyo. Yafuatayo ndiyo ninayofanya sasa darasani kwangu Tanga, na ndiyo ninayowaambia wazazi wafanye nyumbani kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita. Hatua ni saba. Wengi huruka ya tano, nao ndio wanaorudi mlangoni kulalamika.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kioo kidogo chenye fremu ya plastiki, ambacho mtoto anaweza kukishika mwenyewe.
- Simu yenye picha na video fupi za watu wa nyumbani: bibi, baba, dada, jirani anayeingia na kutoka. Picha za kujipanga mstari siku ya harusi hazifai, maana humo wote wametabasamu kwa ajili ya kamera.
- Kanga moja.
- Wanasesere wawili. Magunzi mawili ya mahindi yaliyovishwa vitambaa yanatosha, na watoto wengi huyapenda kuliko ya dukani.
- Daftari na kalamu, vya kwako wewe.
- Dakika kumi kwa siku, mtoto akiwa hana njaa wala usingizi. Mwenye njaa hatambui hisia ya mtu isipokuwa njaa yake.

Chati, kadi za kununua na programu za simu hazimo katika orodha hii. Sizikatazi, ila usianze nazo.

## Maneno ya kuanzia

Chagua maneno manne tu: amefurahi, ana huzuni, amekasirika, ameogopa. Kama kwenu mtu aliyekasirika husemwa "amevimba" au "amenuna", tumia hilo. Mtoto hujifunza upesi neno analolisikia jikoni kila siku, na la kitabuni litakuja baadaye.

Maneno mengine yanangoja: amechoka, anaona haya, anaona wivu, amesusa, ana hamu, ametahayari. Kiswahili kimejaaliwa maneno ya namna hii na inashawishi kuyamwaga yote kwa pamoja. Jizuie. Neno jipya moja kwa wiki linatosha.

## Hatua ya 1: Pima kwanza mtoto yuko wapi

Kwa siku tatu usifundishe chochote. Tazama tu, uandike. Mtu akilia, akicheka au akipandisha sauti karibu na mtoto, jiulize mambo matatu:

1. Je, aligeuka kutazama?
2. Ukimuuliza "ana nini yule?", alikuwa na neno la kukujibu?
3. Ukimuuliza "kwa nini?", alikuwa na sababu, hata ya kubahatisha?

Kwa nini tuanze hapa. Mtoto asiyegeuka anahitaji kuanzia mbali kuliko anayegeuka akakosa neno. Ukianza na hatua isiyo yake utamchosha, utachoka na wewe.

Ujue pia kwamba jicho la mtoto si changa kama tunavyodhani. Mwaka 1985 watafiti nchini Marekani waliwaweka watoto wa miezi 12 juu ya meza ya kioo yenye sehemu iliyoonekana kama ina shimo chini yake, huku mama amesimama upande wa pili. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa woga, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Hata kusema vizuri walikuwa bado, lakini uso wa mama waliuelewa kama amri. Mtoto wako wa miaka minne anao uwezo huo tayari. Anachokosa ni maneno, sababu, na mazoea ya kuwatazama watu wengine zaidi ya mama.

Tahadhari. Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Wengi wa miaka mitatu hutambua furaha vizuri, lakini huchanganya huzuni na hasira. Woga na mshangao huendelea kuwachanganya hata wakikaribia kuanza darasa la kwanza. Yule bingwa wangu wa chati hakuwa na kasoro yoyote.

Umefanikiwa ukiwa na ukurasa mmoja wa daftari wenye mifano mitano au sita ya kweli. Utaurudia baada ya miezi miwili.

## Hatua ya 2: Taja yanayompata yeye kabla ya ya wengine

Mtoto akikasirika, akiogopa au akifurahi, mwambie hisia yake na sababu yake katika sentensi moja.

"Umekasirika kwa sababu dada amechukua mpira. Ona, ngumi umezikunja."

"Umefurahi, babu amekuja! Mpaka unarukaruka."

Kwa nini. Neno hushika pale mwili unapolihisi. Akisikia "umekasirika" wakati kifua chake kinapanda na kushuka, neno hilo limepata mahali pa kukaa. Akiliona kwenye picha tu, linabaki kelele. Utafiti wa Judy Dunn na wenzake wa mwaka 1991 uliwafuatilia watoto waliokuwa wakikaribia miaka mitatu. Wale ambao nyumbani kwao watu walizungumza zaidi kuhusu hisia na sababu zake walielewa hisia za wengine vizuri zaidi miezi kadhaa baadaye. Hayo yalikuwa mazungumzo ya kawaida ya nyumbani, hayakuwa masomo ya kupangiwa saa.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, usibishane na hisia yake. "Hujakasirika wewe, unadeka tu" inamfundisha kwamba anachokihisi ndani si cha kuaminika. Mkataze tendo, hisia iache: "Umekasirika, sawa. Kumpiga mwenzako hapana."

Ya pili ni ya watoto wa kiume. Tukimwambia "mwanamume halii" tangu ana miaka mitatu, kilio kinakuwa kitu cha kuepwa. Atageuza uso pia akiona mwenzake analia, halafu sisi tunashangaa kwamba hana huruma.

Umefanikiwa siku atakaposema mwenyewe "nimekasirika!" kabla ya kurusha kitu. Au hata baada ya kurusha. Ameanza.

## Hatua ya 3: Nyuso za watu anaowajua

Anza na kioo. Kaeni wawili mbele yake, useme: "Tuigize uso wa mtu aliyefurahi." Mwache atazame mashavu yanavyopanda na macho yanavyofinyika. Kisha: "Sasa mtu mwenye huzuni." Siku ya kwanza fanyeni hizo mbili tu. Hasira iingie baada ya siku kadhaa, woga baada ya hasira.

Mpangilio huu una sababu yake. Furaha na huzuni ziko mbali, hazichanganyiki. Hasira na huzuni zina midomo na nyusi zinazokaribiana, kwa hiyo mtoto anahitaji kuwa imara kwenye moja kabla ya kuletewa ya pili.

Baada ya kioo njoo kwenye simu. Onyesha video ya sekunde chache bila sauti: bibi anapokea simu ya mjukuu aliye mbali, baba anatazama mpira timu yake imefungwa. Uliza: "Bibi yukoje hapa? Umejuaje?" Hilo swali la pili usilisahau. Akijibu "ameachia meno" au "macho yamekuwa madogo", anasoma uso. Akijibu "kwa sababu ni bibi", bado.

Mnatumia watu wa kweli kwa sababu katuni ina machozi makubwa kama matone ya mvua na mdomo uliopinda kama upinde, na hakuna binadamu anayehuzunika hivyo. Bibi akihuzunika hunyamaza, huangalia mlangoni, hukunja ncha ya kanga na kuikunjua.

Tahadhari. Usijifanye unalia kweli ili umpime. Watoto wengine huogopa sana, na wengine hujifunza kwamba kilio cha mtu mzima ni mchezo. Sema waziwazi, "Mama anaigiza."

Umefanikiwa akitambua hisia tatu kwenye watu watatu tofauti, na akaweza kukwambia ameona nini.

## Hatua ya 4: Funika uso

Hapa kanga inaingia kazini. Mtu mzima ajifunike uso, kisha aseme maneno yale yale, "njoo hapa", kwa namna nne: kwa furaha, kwa hasira, kwa woga, kwa huzuni. Mtoto abahatishe. Halafu mbadilishane, yeye aseme na wewe ubahatishe. Asijifunike kanga, ageuke tu akupe mgongo. Kukosa kwako kutamfurahisha kuliko kupatia.

Halafu milio. Sonya. Guna. Shusha pumzi ndefu. Cheka kidogo, kisha cheka kile kicheko cha mtu aliyeona haya. Uliza: "Huyu ana nini?" Hakuna chati duniani yenye picha ya msonyo, na kwetu msonyo mmoja unasema mengi kuliko uso mzima.

Kisha mwili. Tembea ukiwa umeshusha mabega, ukiburuza miguu. Tembea ukikanyaga kwa nguvu. Simama nyuma ya mlango ukichungulia.

Kwa nini. Uso peke yake hudanganya, na mara nyingi haupo. Watoto wangu wengi wana mama, shangazi au jirani anayevaa nikabu, na mtoto hujua toka mbali kama shangazi amekuja na habari njema. Anasikia sauti, anaona mikono inavyokwenda, anaona jicho. Huo ujuzi anao. Wewe unaupa jina tu.

Tahadhari. Miongozo mingi iliyoandikwa kwingine humhimiza mtoto atazame watu machoni. Kwetu mtoto anayeinamisha macho akisemeshwa na mkubwa anaonyesha adabu. Usimfundishe kwamba kila anayetazama chini ana huzuni au ana hatia, na wala usimshike kidevu umlazimishe akutazame. Atazame mikono, mabega, asikilize sauti.

Umefanikiwa ukisikia kutoka chumba kingine: "Mama, dada amekasirika." Ukiuliza umejuaje, anasema: "Amefunga mlango pwaa!"

## Hatua ya 5: Tafuta kilichomfanya

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nne za mwanzo ni za kusafisha shamba.

Kijana wangu wa uji hakukosa neno. Alikuwa na maneno sita. Alitazama midomo na macho tu, akalinganisha na chati, akapata "ameshangaa". Hakutazama uji. Angetazama meza kabla ya kutazama uso, angejua. Mtoto anayeuliza "kimetokea nini?" hupata hisia sahihi hata asipouona uso vizuri. Anayetazama uso tu anabahatisha.

Lugha yetu inatusaidia hapa bila sisi kuiomba. Hatusemi tu mtu yukoje, tunasema yamemfika: amekasirika, amefurahi, ameogopa. Ile *-me-* inasema kuna jambo limeshatokea. Ukishamzoesha mtoto "amekasirika", swali linalofuata linatoka lenyewe: "Nini kimemkasirisha?" Na kila hisia ina pacha wake: kimemfurahisha, kimemhuzunisha, kimemtisha, kimemchosha, kimemshangaza. Mfundishe mtoto hizo jozi. Watoto wa miaka minne huzipenda mno, hucheza nazo kama kokoto.

Chukua sasa wanasesere wako wawili. Usiwape nyuso. Ndiyo, waache bila macho wala mdomo, ili mtoto asiwe na pa kutazama isipokuwa kisa chenyewe.

Mazungumzo yangu na mtoto mmoja yalikwenda hivi:

"Huyu alikuwa na andazi. Akaliweka hapa kwenye kigoda, akaenda kunawa mikono. Kunguru akaja, akalibeba. Sasa amerudi. Yukoje?"

"Amekasirika!"

"Nini kimemkasirisha?"

"Kunguru! Kamwibia andazi lake."

"Na huyu mwenzake, amemwona. Atafanya nini?"

Kimya kirefu. Akalitazama gunzi la pili, akalisogeza karibu na la kwanza. "Atamkatia lake."

Angalia mpangilio: tukio, hisia, sababu, kisha mwenzake. Tumia mpangilio huo huo kila siku, ubadilishe visa. Hivi vimenifaa:

- Ameahidiwa kwenda ufukweni Jumapili. Jumapili imefika, mvua inanyesha.
- Umeme umekatika usiku na yuko chumbani peke yake.
- Kaka amerudi kutoka bweni.
- Amejenga nyumba ya mchanga, mwenzake ameikanyaga bila kuona.
- Amejikwaa mbele ya watu wote, wakacheka.

Hicho cha mwisho ni cha aibu, nacho ni kigumu. Kiweke wiki ya tatu au ya nne.

Baada ya siku kadhaa geuza mchezo. Mwambie mtoto hisia, yeye atunge tukio. "Huyu ameogopa. Kimemtisha nini?" Majibu utakayopata yatakuonyesha mengi kuhusu anachokiogopa mwenyewe. Yaandike.

Usitunge visa vya kumsema mtoto. Nimemsikia mzazi akisimulia: "Kulikuwa na mtoto mmoja *mkaidi*, akamkasirisha mama yake..." huku amemkazia macho. Mtoto si mjinga. Atajua anagombezwa kwa gunzi, na mchezo umekufa. Wala usimsahihishe kwa haraka. Akisema aliyeibiwa andazi "amefurahi", muulize kwanza sababu. Mtoto mmoja alinijibu: "Amefurahi, kunguru alikuwa na njaa." Ungemkosoa nini?

Umefanikiwa akianza kuuliza "amefanyiwa nini?" au "kimetokea nini?" bila wewe kumchokoza. Kwangu huchukua wiki nne hadi sita za dakika kumi kila siku. Ukiona mwezi umepita na bado, rudi hatua ya pili, usisonge mbele.

## Hatua ya 6: Kitu kimoja, watu wawili

Hii huwa ngumu kwa aliye chini ya miaka minne, kwa hiyo usimlazimishe. Mtoto mdogo hudhani anachokipenda yeye kinapendwa na wote. Ndiyo maana humpa mama anayeumwa kichwa gari lake la kuchezea, na anamaanisha kweli.

Tumia mambo ya nyumbani. "Wewe unapenda paka. Akikurukia mapajani unafurahi. Binamu yako je?" Mbadilishe vitu: bahari, pilipili, giza, kunyolewa. Rudini kwenye magunzi: mbwa amepita, huyu amekimbilia kumshika, huyu amejificha. Mbwa ni yule yule.

Mtoto asipopambanua haya, atabaki kuwapa wengine hisia zake mwenyewe. Atamfukuza mwenzake na jongoo mkononi akidhani wanacheza, na yule mwenzake analia kweli.

Umefanikiwa akisema kitu kama: "Mimi siogopi, ila yeye anaogopa."

## Hatua ya 7: Toka naye kwa watu

Sasa yale ya mezani yaende barabarani. Mfundishe mambo manne, kwa mfuatano huu: ona, bahatisha, uliza, fanya kitu.

*Ona:* "Mwenzako amekaa peke yake chini ya mwembe."
*Bahatisha:* "Nadhani ana huzuni."
*Uliza:* "Una nini?"
*Fanya:* kaa karibu naye, mwite mkubwa, mpe nafasi kwenye mchezo, au mwache akitaka kuachwa.

Neno "nadhani" lifundishe kwa makusudi. Hakuna asomaye moyo wa mtu, hata sisi wakubwa. Niliwahi kuwa na binti aliyenyamaza siku mbili, chakula hataki, akiguswa anavuta bega. Nikasema moyoni, huyu amesusa, mwache. Siku ya pili mchana mtoto mwenzake, hata miaka mitano hajatimiza, akamwendea akamuuliza "una nini?" Akafungua mdomo akamwonyesha jino. Mwalimu mzima nilikuwa nimesoma uso, mtoto aliuliza.

Zoezi la kila siku liwe la jioni, mnapokula: "Leo umemwona nani amefurahi? Kilimfurahisha nini?" Mtu mmoja tu inatosha. Na wewe utaje wako, kwa dhati: "Leo mama alikasirika kidogo. Daladala ilimpita kituoni. Sasa imekwisha." Sentensi ya mwisho ni muhimu. Mtoto aone kwamba hasira ya mtu mzima huja na hupita, na kwamba si yeye aliyeileta.

Tahadhari. Usimgeuze mtoto kuwa mtunzaji wa moyo wako. "Ukinisumbua mama atalia" haimfundishi huruma, inamfanya mlinzi. Atakuchungulia uso siku nzima, na utamsifu kwamba ni mtoto mwelewa. Kumbe ni mwenye hofu. Mambo ya ada, kodi ya nyumba na ugomvi wa wakubwa si ya kumpa abebe.

Nyingine ni ya adabu. Kwenye daladala atakuuliza kwa sauti ya juu, "Mama, kwa nini yule bibi ana hasira?" Kubalianeni mapema: tukiwa nje tunanong'ona, au tunangoja mpaka nyumbani. Usimgombeze kwa kuuliza, maana hicho ndicho ulichomfundisha.

Umefanikiwa akimwendea mwenzake bila kutumwa. Akikosea hisia lakini akauliza, mhesabie amepatia.

## Akifika miaka sita: hisia zilizofichwa

Kabla ya hapo usihangaike nazo sana. Mtoto wa miaka minne akimwona mtu anacheka, kwake amefurahi, basi. Karibu na miaka sita huanza kuona kwamba uso unaweza kusema hili na moyo lile.

Idi ni mwalimu mzuri. Shangazi ameleta shati, limembana kwapani, na mtoto anasema "ahsante shangazi" huku ametabasamu. Mdogo wake atasema amefurahi. Muulize aliyefika miaka sita, faraghani: "Moyoni alikuwaje? Kwa nini hakusema?" Akijibu "hakutaka shangazi ajisikie vibaya", amepiga hatua kubwa kuliko kuijua chati nzima.

## Ukikwama

Anacheka mwenzake akiumia. Mara nyingi ni wasiwasi, hajui afanye nini na uso wake. Usimwite katili. Mpe kazi: "Kamletee maji." Mikono ikipata kazi kicheko huisha.

Anataja hisia moja kwa kila kitu. Kwa wengi ni "amekasirika". Kaa nyumbani siku moja ukijisikiliza mwenyewe: ni hisia gani unayoitaja zaidi? Kwa kawaida hapo ndipo lilipotoka.

Anakataa mchezo. Acha siku tatu. Urudi na kisa kimoja tu, wakati wa kuoga, bila magunzi.

Hageuki kabisa. Hapa usisubiri. Kama haitiki akiitwa jina, hakuonyeshi kitu kwa kidole ili mkitazame pamoja, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au mtu akilia karibu naye ni kama hajasikia, mpeleke kituo cha afya aanze kwa kupimwa masikio. Nimeona mtoto aliyedhaniwa hana huruma, kumbe sauti hazimfikii. Masikio yakiwa mazima, omba rufaa aonwe na daktari wa watoto kuhusu ukuaji wake, ikiwemo usonji (kwa Kiingereza autism). Kwa walioko Kenya, vituo vya EARC (vituo vya tathmini na nyenzo za elimu) huwapima watoto wa namna hii na kushauri kuhusu shule. Mtoto mwenye usonji anaweza kujifunza mengi ya hatua ya tano, hasa visa na sababu, lakini hatua ya tatu isimlazimishe kutazama nyuso, na kasi iwe yake. Beba lile daftari uendapo kliniki. Daktari atakuuliza tangu lini na mara ngapi, na majibu yatakuwa yameandikwa humo.